Mama wa Sauti ya Pili, Kata Tiketi



Leo nina barua moja tu na nimeipa nafasi yote, maana kila nikiirudia naona ni barua ya wengi. Ameiandika mama wa miaka 63, mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anayeishi upande wa Mgeta, huko juu Uluguru ambako kabichi na karoti hushuka kuja kulisha Morogoro mjini na Dar es Salaam. Ameimba sauti ya pili katika kwaya ya kigango chao tangu usichana wake. Kaseti ya injili ya Rose Muhando aliirudisha nyuma mpaka utepe ukachoka. Siku hizi mjukuu amemwekea kwenye simu nyimbo za Joel Lwaga na Walter Chilambo, naye huzisikiliza akipalilia. Sasa amesikia kuna tamasha la injili litafanyika mjini, la laivu, magitaa na drams, kuanzia jioni hadi usiku, na roho yake yote iko huko. Binti yake mkubwa, anayekaa Kihonda hapa mjini, amemjibu kwa upole kwamba yale ni mambo ya vijana. Atulie nyumbani, yeye atamrekodia.

Mama anauliza mambo matatu. Je, ni kweli umri wake umepita? Mwili utahimili? Na akienda, akate tiketi ya kawaida au ya viti maalumu?

Nenda, mama. Sikupi ruhusa, maana huhitaji ruhusa yangu wala ya mwanao. Nakupa sababu, halafu tutapanga maandalizi pamoja, kwa kuwa kwenda kichwakichwa katika umri wetu ndiko kunakowapa watoto sababu ya kutufungia ndani.

Tuanze na hilo la mambo ya vijana, kwa sababu linanikera. Nani alilizoea gitaa la umeme kwanza katika mji huu? Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Salum Abdallah alikuwa na Cuban Marimba yake hapahapa, akiimba mpaka alipofariki mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe na wenzake wa Morogoro Jazz walipokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1970, gitaa walilokwenda nalo lilikuwa la Morogoro. Mwaka 1973 akaanzisha bendi ya Super Volcano, na Januari 1979 ajali ya gari ikamchukua kule Mombasa. Wakati huo wewe, mama, ulikuwa binti wa miaka 16 au 17. Hata kama baba yako alikuwa mtu wa kanisa asiyetaka dansi lisikike nyumbani kwake, gitaa lile ulilisikia tu: dukani, kwenye basi, kwenye harusi ya jirani. Kijana wa leo anayekuambia huwezi kuelewa muziki wa magitaa amezaliwa katika mji ambao bibi zake waliukuta tayari unalia magitaa.

Na huko kanisani nako, kila kizazi kimegombana kuhusu ala. Babu zetu waliobatizwa na mapadri na wamisionari walikatazwa ngoma. Ngoma ilihesabiwa kuwa mambo ya giza. Padri Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alikaa chini akaandika kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, kikatoka mwaka 1963. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya liturujia iliyoupa heshima muziki wa watu wa kila taifa. Ngoma iliyokuwa inafichwa ikaingia altareni, na leo hakuna anayeishangaa. Baadaye likaja gitaa la umeme. Kwaya za vijana na za uinjilisti zikawa na solo, ridhimu na besi, vilevile kama bendi za dansi. Wazee wakanung'unika kwamba vijana wameleta baa kanisani. Mnakumbuka kaseti za Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu kutoka Tabora, na za AIC Chang'ombe kutoka Dar es Salaam? Waliozinunua hawakuwa wajukuu zetu. Tulikuwa sisi.

Wenzetu wa Marekani waliupitia ugomvi huohuo. Larry Norman alitoa albamu ya Upon This Rock mwaka 1969, na wengi wanaihesabu kuwa ndiyo mwanzo wa roki ya Kikristo. Bendi ya Petra ikaanza mwaka 1972. Wachungaji wengi waliwapinga, wakisema midundo ile ni ya shetani. Vijana wa miaka 20 waliokwenda kuwasikiliza Petra siku za mwanzo, leo wamevuka 70, na wako ambao bado wanakata tiketi, wanasimama na fimbo zao, wanaimba. Muziki huu una mabibi na mababu wake tayari.

Tazama hata waimbaji wenyewe. Rose Muhando ni mtoto wa mkoa wetu. Alizaliwa Dumila, wilayani Kilosa, mwaka 1976, katika familia ya Kiislamu. Albamu yake ya Mteule Uwe Macho ilitoka mwaka 2004. Fanya hesabu: naye ni mtu mzima wa kujua magoti yanasema nini asubuhi. Ikiwa aliyeko jukwaani anaruka kwa umri huo, kwa nini wewe uliyenunua kaseti yake ukiwa na miaka 42 uambiwe umechelewa? Watu kama ninyi, walimu na wakulima na mama wa sokoni waliotoa fedha zao za jasho kununua kanda moja na kuisikiliza mtaa mzima, ndio mliowafanya waimbaji wa injili waweze kuishi kwa kazi yao. Walter Chilambo alishinda shindano la Bongo Star Search mwaka 2012 kisha akageukia injili. Barabara aliyoipita ilikuwa imeshachongwa na wanunuzi wa kaseti.

Sasa aibu. Najua ndilo neno ambalo hukuliandika, lakini lipo katikati ya mistari. Unaogopa kuonekana. Mjane, mwalimu aliyefundisha nusu ya kata, mwenye mvi, anarukaruka mbele ya watu.

Nitakueleza nilichokiona. Ilikuwa tamasha moja hapa mjini, jioni ya baridi, nimekaa pembeni na shoga yangu. Mbele yetu alisimama mama mmoja, kwa kumkadiria alishavuka sitini, kitenge cha buluu, sweta ya kijivu, raba nyeupe za mjukuu. Saa nzima ya kwanza ziliimbwa nyimbo za kuabudu za siku hizi, zile za taratibu, mstari mmoja unarudiwa mpaka watu wanalia. Hakuzijua. Hakujifanya anazijua. Alisimama tu, mikono ameikutanisha mbele, midomo imefungwa, anasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani. Ndipo mpiga kinanda akaingiza pambio la zamani. Nilimwona bega lake la kushoto likianza kabla ya mguu. Akaifungua kanga iliyokuwa begani, akaikaza kiunoni, akatoa kitambaa kwenye mkoba, akaanza kucheza ule mchezo wetu wa polepole, kisigino kinagusa chini, kiuno hakina haraka. Vijana waliokuwa karibu wakampisha nafasi. Wakaimba naye kiitikio kwa nguvu zote.

Ilipofika beti ya pili, vijana wakanyamaza. Hawakuijua. Skrini ya jukwaani ilikuwa imegoma tangu mwanzo, na wao pambio lile wamelipokea kiitikio tu. Mama yule aliendelea peke yake, sauti imekauka kidogo, lakini iko sawasawa kwenye ufunguo. Binti mmoja mwenye nywele za rangi ya zambarau akamsogelea, akainama, akamwekea sikio mdomoni. Beti ya tatu wakaiimba wawili. Ya nne, mstari mzima wa vijana walikuwa wanamfuata neno kwa neno.

Usiniambie tena kuhusu kuonekana, mama. Wewe una miaka zaidi ya arobaini ya sauti ya pili kifuani. Watu wanaojua beti zote tunahitajika pale, na sauti ya pili inahitajika kuliko zote, kwa sababu uwanja mzima huwa unaimba ya kwanza.

Lakini nenda kama ulivyo. Usiazime suruali ya mjukuu ili ufanane nao, na usiende kuwakagua. Nimeona wamama wanalipa kiingilio halafu usiku wote wanahesabu nani kavaa nini na nani kamshika nani mkono. Huo ni mzigo mzito kuubeba ukiwa umesimama saa nne. Nyimbo usizozijua zisikilize kama alivyosikiliza yule mama. Nyingine zitakuingia, nyingine hazitakuingia, na hilo halina ubaya. Sidhani kama hata vijana wanazipenda zote.

Tuje kwenye mwili, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunajali shinikizo la damu na kusahau masikio. Spika za jukwaani hazina huruma. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 mtu anaweza kuisikiliza mpaka saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio yake. Ikifika desibeli 100, muda salama unashuka hadi dakika 20 hivi kwa wiki nzima. Kadiri sauti inavyopanda desibeli 3, muda unapungua nusu. Mwaka 2022 shirika hilohilo lilitoa mwongozo kwamba kumbi na matamasha yasizidishe wastani wa desibeli 100, na yawawekee watu sehemu tulivu ya kupumzisha masikio. Sasa fikiria umesimama mita tano kutoka kwenye spika iliyokuzidi kimo, kwa saa nne. Sisi ambao masikio yameshaanza kupunguza kidogo kidogo hatuna cha kuchezea.

Kwa hiyo nunua vizibo vya masikio, vile vya sponji laini. Waliofanya kazi viwandani hapa Morogoro, kwenye mashine za kusuka nguo, wanavijua. Ulizia kwenye duka la dawa kubwa au duka la vifaa vya usalama kazini. Unakisokota kwa vidole mpaka kiwe chembamba, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili, unakiingiza, unakishikilia kidogo kivimbe. Muziki bado utausikia, ila kwa sauti ya chini na iliyofifia kidogo. Pamba usiitegemee, inazuia kidogo mno. Kila nusu saa au zaidi kidogo, toka, nenda nyuma ya umati ukapumzishe masikio. Usisimame mbele ya spika hata kama mwimbaji unayempenda yuko upande huo. Na kama ukifika nyumbani masikio yanavuma, ukalala, ukaamka, na siku ya pili bado yanavuma, nenda hospitali; usingoje yazoee.

Dawa za presha na za sukari meza kwa saa yake ileile ya kila siku. Najua mchezo wa baadhi yenu: kuruka dawa ya presha inayokojoza ili usisumbuke na choo. Usifanye hivyo. Kama saa ya dawa inaleta shida, muulize daktari kabla ya siku yenyewe kama inaweza kusogezwa. Wala usijinyime maji. Mtu mzima aliyekauka anayesimama ghafla kwenye umati ndiye anayeanguka. Ukifika uwanjani, jambo la kwanza kabla ya kutafuta nafasi ni kujua choo kiko wapi, kukiingia wakati bado ni kisafi na foleni ni fupi, na kuwa na karatasi yako na maji yako kwenye mkoba. Mwenye kisukari abebe kitu cha kula. Magoti: raba zenye soli nene, na usisimame umekakamaa, hamisha uzito mguu huu, mguu huu. Kucheza kwenyewe kunasaidia kuliko kusimama wima kama mlingoti.

Mavazi sina neno refu. Wewe wa Mgeta unaijua baridi kuliko sisi wa mjini, lakini unaweza kudanganywa na joto la mchana la huku chini. Jioni hewa ya mlimani inashuka, na kama ni msimu wa masika, ukiona minara ya kilele cha Bondwa imemezwa na wingu saa tisa alasiri, beba mwavuli na sweta hata kama jua linawaka mjini.

Sasa umati. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo hofu ya kweli ya watoto wetu ilipo. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa maombi, umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikwenda kuomba, wakarudishwa kwenye majeneza. Siwakumbushi ili niwatishe. Nawakumbusha kwa sababu penye sala na penye nyimbo watu husahau kwamba msukumano hauchagui aliyeokoka.

Kwa hiyo, ukiingia, geuka nyuma uangalie ulipoingilia. Tafuta mlango wa pili na kaa upande ulio karibu nao. Ukiona watu wamekubana kiasi kwamba mikono huwezi kuinyanyua, usisubiri wimbo uishe: sogea kwa mshazari kuelekea pembeni, taratibu. Ikitokea mbio za kukimbilia kitu chochote, iwe mafuta, fulana za bure au mwimbaji anayeshuka jukwaani, wewe nenda upande usio na mbio. Kitu kikianguka chini, kiache, simu inanunulika. Na ondokeni kabla ya wimbo wa mwisho, au baada ya uwanja kupungua, msiondoke na wimbi. Panga na uliokwenda nao mahali pa kukutana mkipotezana, mahali penye jina, kwa sababu kwenye umati mtandao wa simu huzidiwa.

Safari nayo. Barabara ya kupanda Mgeta unaijua mwenyewe, kona zake na utelezi wake mvua ikinyesha. Usiku usipande mlima. Hilo halina mjadala hata kama dereva ni mpwa wako na anasema ameizoea. Shuka mjini mchana, upumzike, ule, ulale kidogo. Usiku baada ya tamasha lala mjini, na asubuhi ndio upande. Bajaji ya kurudia usiitafute getini saa tano usiku. Ongea na dereva mnayefahamiana tangu mchana, mkubaliane bei na mahali atakaposimama. Wenzangu wa Dar es Salaam mnaopenda kuja, treni ya SGR inawaleta Morogoro tangu Juni 2024, safari isiyofika hata saa mbili kwa kawaida, na ilipoanza nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh 13,000. Lakini msijiaminishe kwamba mtawahi treni ya usiku huohuo. Tamasha letu likiandikwa saa kumi linaanza saa kumi na mbili, na mwimbaji mliyemfuata anapanda mwisho.

Umeona, mama, nimesema lala mjini. Utalala wapi? Utalala Kihonda, kwa binti yako. Hapo ndipo ninapotaka mrudi mkazungumze.

Binti yako si adui. Mtoto anayemwambia mama yake atamrekodia, anampenda mama yake na hajui amfanyeje. Amemzika baba yake. Akifikiria tamasha anawaza umeanguka gizani, simu yako imezimika, yeye hajui uko wapi. Pengine pia anawaza video. Siku hizi mtu akicheza tu, mtoto asiyemjua anamrekodi na kumtupa mtandaoni, na huko watu wanaandika wanavyotaka. Hofu zote mbili zina majibu. Usimjibu kwa ukali wa mama wala kwa kulia. Mpigie siku ambayo hana haraka, umwambie: mwanangu, nimeamua kwenda, nami nataka unisaidie niende vizuri. Kisha mtajie mambo yenyewe: nitashuka saa fulani, nitakwenda na fulani, nitakaa upande huu, dereva ni huyu na namba yake ni hii, nitalala kwako, saa nne usiku nitakutumia ujumbe. Mtu mzima mwenye mpango ni vigumu kumkatalia. Na kuhusu video, mwambie ukweli: usingependa kurekodiwa na mtu usiyemjua, ila akija yeye akakurekodi kwa ajili ya wajukuu, utafurahi. Huenda akaja. Wengi wao hukataa jambo wakiwa wanasubiri kukaribishwa.

Ninyi watoto mnaosoma hapa kwa sababu mama amewaachia gazeti mezani, na mimi nina neno nanyi. Kumrekodia mzazi si sawa na kumpeleka. Mama huyu akisikiliza rekodi yako jikoni peke yake, atasikia umati unaoimba bila yeye. Mpeni mkono kwenye ngazi, mshikieni mkoba, mwacheni acheze. Na mkiona mama wa mtu mwingine anacheza, wekeni simu mfukoni.

Kuna wanaoniandikia kwamba mchungaji au katekista wao hapendi matamasha ya kiingilio, anaona ni biashara. Huyo msimdharau, ana hoja, maana wapo waandaaji wanaolifanya jina la Mungu kuwa bango la kuuzia tiketi, watu wakalipa, mwimbaji aliyetangazwa asitokee. Hakikisheni kwamba mwimbaji mwenyewe ametangaza kwenye kurasa zake kwamba atakuwepo, nunueni tiketi kwenye kituo kilichotajwa kwenye tangazo, na msitume fedha kwenye namba ya mtu binafsi aliyewapigia akijiita wakala. Lakini mwimbaji naye ana watoto, wapiga vyombo wake wanakula, mitambo inakodiwa. Kulipa kiingilio ili usikie kazi ya mtu hakukupunguzii imani.

Fedha ya sadaka na ya kumtuza mwimbaji itengeni nyumbani kabla ya kutoka, na iwe mfuko mmoja. Kwenye nyimbo mkono unakuwa mwepesi. Nimeona mstaafu anapanda jukwaani mara tatu kumtuza mwimbaji, na kesho yake anakopa nauli kwenye kikoba. Toa uliyopanga kwa moyo mweupe, halafu pochi irudi ndani ya nguo. Simu za kulipia nazo ziwe na salio dogo tu siku hiyo.

Sasa swali lako la tiketi, mama, ambalo uliliweka mwisho kana kwamba ni dogo. Usikate ya kawaida. Ya kawaida maana yake ni kusimama, au kugombea plastiki na kijana aliyefika saa nane mchana. Wewe unahitaji kiti ambacho ukikiacha kwenda chooni utakikuta. Usikate ile ya ghali kabisa ya meza za mbele nayo; hizo mara nyingi ziko chini ya spika, karibu na watu wakubwa wanaokaa usiku wote bila kuinuka, na wewe utaona haya kucheza. Kata ya katikati, yenye kiti. Ukifika, chagua kiti cha mwisho wa mstari, upande wa njia, ili ukitaka kuinuka usiombe radhi kwa watu kumi, na ukitaka kucheza uwe na nafasi ya kugeukia.

Umesema tiketi hiyo ni fedha ya magunia mawili ya karoti. Ni nyingi, sikatai. Bado kuna wiki kadhaa. Anza kutenga sasa kila siku ya soko. Na umetaja kwenye barua, kwa mstari mmoja tu, kwamba yupo mwenzako wa sauti ya kwanza mliyeanza naye kwaya, naye ana hamu kama wewe ila mumewe hana la kusema wala fedha ya kutoa. Muulizeni mweka hazina wa kikoba chenu kama mnaweza kukopa kidogo pamoja na kurudisha baada ya mavuno, mkate tiketi mbili za viti vinavyofuatana. Mwambie na binti yako aandae godoro la pili.